Gunia la Daktari Telesfori

Pale Nyakasimbi kuna mtu anaitwa Telesfori Byabato, na ukitaka akuitikie mara ya kwanza, sharti umwite Daktari. Ukimwita Telesfori atatazama migomba, kama vile mgomba ndio umesema. Ukimwita Mzee Byabato atakwambia mzee ni baba yake, na amezikwa nyuma ya kanisa. Lakini sema tu "Shikamoo Daktari," hata ukiwa ng'ambo ya bonde, utaona kofia inageuka na meno yote yako nje.

Udaktari wenyewe aliusomea kwenye kiti cha mlinzi. Miezi minane alilinda mlango wa duka moja la dawa za mifugo kule Kayanga, duka ambalo leo ni saluni, akiwasikiliza wateja wakieleza shida za ng'ombe wao. Duka lilipofungwa kila mfanyakazi aliondoka na kitu. Mmoja alichukua meza, mwingine mizani. Telesfori alichukua koti jeupe lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Ndicho cheti chake hicho. Na koti lenyewe tangu siku ile halijafuliwa ila na mvua.

Magonjwa anayoyajua ni matatu, hayaongezeki wala hayapungui. Kuku akikohoa, ni baridi. Kuku akiharisha, ni wivu wa jirani. Kuku akinyamaza, basi hiyo ni damu nzito, na hapo Telesfori hukunja uso, hushika kidevu, na kuulizia kama kuna rubisi ya kulainisha koo wakati anafikiri.

Lakini kinachomlisha si koti, ni gunia. Tangu zamani, kuku wa mtu akiangua mayai yake yote bila viza hata moja, majani ya kiota chake hayatupwi. Jirani mwenye kuku anayeatamia huja kuomba konzi moja akayatandike chini ya kuku wake, ili heri ivuke ua na kuingia kwake pia. Lilikuwa jambo la wanawake wawili na ua mmoja. Anaomba, anapewa, wanawasema kidogo waume zao, yameisha. Telesfori akaona hapo pana ulaji. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akikusanya majani ya kila kiota kilichoangua, akayashindilia yote katika gunia moja, na gunia akalitundika ndani ya banda la kuku wake mwenyewe lisilowe mvua. Siku hizi ukitaka heri huombi kwa jirani. Unamwita Daktari. Naye anakuja na gunia begani, anatoa konzi moja kama padri anayetoa komunyo, halafu anaketi kungoja sahani. Ukimpa ndizi bila firigisi anaisukuma sahani kwa kidole, taratibu, kama kwamba ndani yake kuna kinyonga.

Mtu aliyemtazama Telesfori kuliko wote bila kusema neno ni Speciose.

Speciose ni mkamwana wa Bibi Placidia. Mume wake, Adelard, alikuwa Kyerwa msimu ule akichuma kahawa za watu, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama mkwe. Babu yake Speciose alivuka mto kutoka Rwanda, yeye mwenyewe amezaliwa palepale Nyakasimbi, lakini wapo watu ambao kila akifungua mdomo humtazama kama mtu aliyefika jana na mzigo kichwani. Akajifunza kufunga mdomo na kufungua macho. Na ukiyafungua macho muda mrefu, utaona mengi ambayo mwenye kusema hayaoni.

Alipoolewa, mama yake mzazi alimpa kuku mmoja jike, mweusi mwenye kishungi kichwani. Mwaka uliofuata mama akafariki. Kwa kuku yule Speciose alipata uzao wa kuku tisa, wote weusi, wote na vishungi, na kila alipowamwagia mahindi alikuwa kama anaongea na mama kidogo. Hakumwambia mtu. Angechekwa.

Kiangazi kilipoanza, Bibi Placidia alimwita Daktari awabariki kuku waliokuwa wakiatamia. Daktari akaja, akatandika majani yake ya heri katika viota vitatu, akala firigisi, akaenda. Kabla ya mwezi kwisha, kuku wakaanza kufa. Panga zao za kichwa, zilizokuwa nyekundu kama pilipili, zikawa nyeupe kama unga wa muhogo. Walikaa wamejikunyata mchana kutwa, halafu asubuhi moja unamkuta mmoja chini ya kijiti cha kulalia, mwepesi mkononi kama kikapu kitupu. Daktari aliitwa tena. Akasema damu nzito. Akaongeza majani. Wakafa wengine.

Akabaki kuku mmoja. Speciose alimwita Kishungi. Alikuwa ameatamia mayai kumi na moja, kwenye kona ya jikoni, ndani ya kikapu kibovu kilichowekwa juu ya kichanja cha mbao. Mayai yale yakiharibika, au Kishungi akifa, basi kuku wa mama wamekwisha duniani.

Siku ya tisa, ilikuwa Alhamisi, Kishungi akainuka. Akasimama kando ya mayai, akijidonoa chini ya mabawa, akipigapiga mguu. Speciose akamrudisha. Akainuka tena.

Bibi Placidia alikuwa mlangoni anamenya ndizi. "Ameacha?"

"Hajaacha, Mama. Kuna kitu kinamsumbua."

"Kinachomsumbua ni uvivu. Jumapili kaka yangu anakuja kutoka Nkwenda, na mimi sitamwekea maharage mezani kama mfungwa. Kuku asiyeatamia ni mboga."

"Mama, huyu ndiye wa mwisho."

"Basi namwita Daktari kesho amtazame. Lakini Jumapili asubuhi nikimkuta amesimama, anaingia chunguni. Nimemaliza."

Na huyo Bibi Placidia, usichana wake wote hakuonja kuku, maana enzi hizo wanawake wa huku hawakula kuku wala mayai. Sasa amezeeka, mwiko umekwisha, na anajifidia miaka yote aliyowakosa kuku.

Ijumaa Telesfori akaja. Alianza kukohoa tangu barabarani, ili watu wajue.

"Hodi hapa! Wagonjwa wangu wako wapi?"

"Shikamoo Daktari," akasema Speciose.

"Marahaba, binti. Mama mkubwa, hujambo? Nasikia kuku anataka kuwaaibisha mbele ya mgeni." Akaketi. Akajikuna mkono wa kushoto, akajikuna shingo, akaingiza kidole ndani ya koti akajikuna kifua. Speciose alikuwa amegundua zamani kwamba Daktari hujikuna kama mtu anayepiga zeze.

Akaletewa kuku. Akamshika kichwa chini miguu juu, akampuliza matakoni, akamsikiliza tumbo kwa sikio.

"Damu nzito," akasema.

Speciose akashindwa kunyamaza. "Daktari, damu ikiwa nzito, mbona upanga wake ni mweupe? Si ungekuwa mwekundu zaidi?"

Telesfori akamtazama Bibi Placidia, siyo Speciose, kama mtu anayemtafuta mwenye mbwa.

"Waitu," akasema, "huyu naye kasomea wapi?"

"Msamehe, Daktari," akasema Bibi.

"Namsamehe. Binti, huko kwenu ng'ambo ya mto mnajua ng'ombe. Kuku tuachieni sisi. Damu ikizidi uzito inashuka miguuni. Kichwani inabaki nini? Weupe. Hata mtoto anaelewa."

"Na wewe unajikuna nini, Daktari?"

"Mimi?" Akaondoa mkono shingoni haraka. "Huu ni mwili wa mtu anayefikiri sana. Joto la ubongo linatokea kwenye ngozi."

Bibi Placidia akatikisa kichwa kwa heshima. Joto la ubongo! Ubongo wa Telesfori ungekuwa na joto la kupika hata yai moja, Nyakasimbi ingekuwa na hospitali.

Akafungua gunia, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya majani makavu, akayatandika chini ya mayai huku akinong'ona. Mengine yakadondoka sakafuni. Akala ndizi zake. Firigisi haikuwepo, akasema ataidai Jumapili. Akaenda, akijikuna.

Speciose akainama kuokota yaliyodondoka, maana Bibi hapendi jikoni pachafu. Akahisi kitu kinamtembea kwenye kifundo cha mkono. Akatazama, hakuona kitu, lakini kitu kilikuwa kinatembea. Hapo akamkumbuka mama yake. Mama hakuwahi kuomba majani ya heri kwa mtu yeyote, wala hakutoa yake. Kuku wakishaangua tu, alichoma kiota. Majirani walimwita mchoyo, kwamba anaifungia heri nyumbani kwake. Naye alikuwa akijibu neno moja tu: "Sipokei kitanda cha mtu."

Speciose akachukua sahani nyeupe ya bati, ile ya mgeni. Akaweka juu yake yale majani aliyookota, akaitoa nje juani, akachuchumaa.

Mwanzo palikuwa na majani tu. Jua lilipopiga, vumbi likaanza kutembea. Vidoa vidogo kuliko punje ya uwele, vingine vya kijivu, vingine vyekundu, vikatoka kwenye majani vikikimbia jua, vikapanda ukingo wa sahani, vikageuka, vikatafuta kivuli. Akakibana kimoja kwa ukucha. Kikaacha alama ya damu.

Utitiri. Huo ndio uliokuwa unawanyonya kuku wake, kidogo kidogo kila siku, mpaka mtu anamwokota mwepesi kama kikapu. Na aliyeuleta aliuleta begani, akalishwa kwa kazi hiyo, akashukuriwa na kupewa shikamoo. Majani kutoka kila nyumba, yamelundikwa katika gunia moja, gunia limetundikwa juu ya kuku wa Telesfori. Speciose alikuwa amewahi kupita kwa Telesfori, kumpelekea ujumbe wa Bibi, akawaona kuku wale: shingo tupu, migongo tupu, kama wamenyonyolewa wakiwa hai. Watu walikuwa wakicheka, wakisema mganga hajigangi. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Methali nayo ikikaa vizuri mdomoni huziba macho.

Jioni ile Speciose aliiacha sahani palepale nje. Angemwambia nani? Bibi angesema sahani ni chafu.

Jumamosi asubuhi Bibi Placidia alivaa kitenge chake cha jumuiya, akachukua rozari, akaenda. Alipopotea kwenye kona ya migomba, Speciose akaanza.

Mayai kumi na moja aliyafuta moja moja kwa kitambaa kikavu, akayafunga katika khanga, akayaweka karibu na mafiga penye vuguvugu. Akamchukua Kishungi nje, akampaka majivu makavu mpaka kwenye ngozi, chini ya mabawa, mapajani, kuzunguka mkia, polepole, akimfunika macho. Kuku akatulia kama anayejua. Halafu Speciose akarudi jikoni, akachukua kikapu, kiota, majani yote na kichanja cha mbao, akavitupa shimoni nyuma ya choo, akavimwagia mafuta ya taa ya kwenye kibatari, akawasha kiberiti.

Aliogopa, nisiseme uongo. Mtu anayechoma majani ya heri anachoma bahati ya nyumba, hivyo ndivyo wanavyosema wote, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika kwamba ni uongo. Alikuwa na hakika na utitiri tu.

Ile kona ya jikoni akaimwagia maji yanayochemka, nyufa za ukuta akaziziba kwa udongo uliokandwa na majivu. Akachukua karai kuukuu la chuma, lisilo na ufa hata wa kuficha sindano, akalitandika majivu chini na majani mapya ya mgomba aliyoyaanika tangu jana juu ya bati. Akapanga mayai. Akamweka Kishungi juu yake. Kuku akasimama.

"Keti, mama," akasema Speciose.

Kuku akasimama tu.

Akamfunika kwa tenga, na juu ya tenga akatupa blanketi, jikoni kukawa giza kwake.

Bibi Placidia alirudi saa sita. Alinusa kabla hajafika uani.

"Nini kinaungua hapa?"

"Kiota, Mama."

"Kiota gani?"

"Cha Kishungi. Na majani ya Daktari. Yalikuwa na utitiri. Nenda ukatazame sahani, bado iko pale."

Bibi hakwenda kutazama sahani. Alikaa chini palepale uani na kitenge chake cha jumuiya. "Umechoma heri ya nyumba yangu," akasema. "Mwanangu hayupo, wewe unawasha moto. Nitamwambia nini Daktari?"

"Mwambie ni mimi."

"Ni wewe! Kwani nani angedhani ni mimi?" Akanyanyuka. "Kesho asubuhi nafunua hilo tenga kwa mkono wangu. Akiwa amesimama, unamchinja wewe mwenyewe, unamnyonyoa wewe mwenyewe, na hutalia mbele ya kaka yangu."

"Sawa, Mama."

Siku ile hakuna aliyegusa tenga. Speciose alipika, akafagia, akachota maji mara nne wakati mitungi imejaa. Kila alipopita jikoni alisikiliza. Kuku akisimama utasikia kucha zake kwenye chuma. Alizisikia mchana. Alizisikia jioni. Baadaye hakusikia kitu, na hilo likamtisha zaidi, maana kuku aliyekufa naye hana kucha za kugonga.

Jumapili kabla ya misa Bibi Placidia akaingia jikoni na kisu kimenolewa. Akakiweka juu ya figa, wazi, Speciose akione. Akavuta blanketi. Akainua tenga.

Kishungi alikuwa amelala juu ya mayai, amejitandaza kama chapati, majivu mgongoni. Akamtazama Bibi kwa jicho moja, akanguruma ile ngurumo ya kuku anayeatamia, na Bibi alipopeleka mkono akadonolewa mpaka akapiga kelele.

"Mae!" akasema Bibi, akinyonya kidole. Halafu akachukua kisu chake akaenda kumenya ndizi.

Mgeni kutoka Nkwenda alikula ndizi na maharage, akaongeza mara mbili, akasema hajala maharage mazuri hivyo tangu sikukuu. Aliambiwa kuku anaatamia, akasema hilo ndilo jambo la maana, kuku wa kuchinja hakosekani. Telesfori alipopitia kudai firigisi yake, akaambiwa hakuna kilichochinjwa. Akala maharage akiwa amenuna, kama mtu anayekula kiatu.

Siku tisa baadaye Kishungi akaangua. Manane yalitoka vifaranga, matatu yalikuwa viza. Kati ya vifaranga hao wanane, watano weusi, na mmoja tayari alikuwa na kinundu kidogo kichwani mahali kishungi kitakapoota. Speciose alimshika yule mmoja kiganjani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Habari ya kifaranga haihitaji simu. Saa nne Daktari alikuwa uani, koti, kofia, gunia. Jirani yao Vero alikuwa amekuja pia, mama ambaye kuku wake wote sita walishakufa kwa damu nzito.

"Mmeona?" akasema Telesfori kabla hata ya kukaa. "Majani yangu hayajawahi kuniangusha. Wapo waliotaka kushindana na elimu." Akamtazama Speciose kwa huruma kubwa. "Nimekuja kuchukua majani ya kiota, yaingie guniani, heri iendelee. Na kifaranga changu kimoja. Kile chenye kishungi."

Bibi Placidia aliwahesabu vifaranga kwa macho.

Speciose akaingia ndani, akatoka na sahani nyeupe ya mgeni. Akaiweka chini, katikati ya uwanja, penye jua.

"Daktari, kabla hujachukua, weka majani kidogo ya gunia lako hapa. Konzi moja tu."

"Ya nini?"

"Tuone heri."

"Heri haionekani kwa macho, binti."

"Weka tu," akasema Vero. "Unaogopa sahani?"

Akaweka, kwa madaha, akajikuna. Watu wakachuchumaa. Jua likafanya kazi yake. Sahani ikaanza kutembea.

"Hilo ni vumbi," akasema Telesfori.

"Vumbi linapanda ukingo?" akauliza Vero. "Baba wee, hata vumbi lako lina miguu!"

"Ni vumbi hai. Kitaalamu linaitwa..."

"Linaitwa utitiri," akasema Speciose. Akaubana mmoja kwa ukucha, akamwonyesha damu. "Hii ni ya kuku wako. Utitiri niliouchoma ulikuwa na ya kuku wangu. Na ule unaokuwasha hapo shingoni, huo una damu yako."

Vero hakucheka sasa. Alikuwa anaitazama ile alama nyekundu. "Kuku wangu sita," akasema. "Nikakupa firigisi zao, Telesfori."

Si Daktari. Telesfori. Alilisikia jina lile, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akaliitikia, akageuza kichwa kabla hajakumbuka kutokugeuza.

"Hamna elimu," akasema. "Mtanitafuta." Akamgeukia Bibi Placidia. "Mama mkubwa, unakaa kimya?"

Bibi Placidia alikuwa anajitazama mkono wake, mahali palipomwasha kiangazi chote, ambapo wiki ile pamekauka. "Majani yako tuliyachoma, Telesfori," akasema. "Tangu Jumamosi ile. Kuku ameangulia kwenye majivu." Tuliyachoma, alisema, mtu ambaye alikuwa jumuiya na rozari mkononi. Speciose alisikia, akaliacha lipite.

"Lete hilo gunia nalo tulichome," akasema Vero.

Telesfori akalikumbatia gunia kama mtoto, na hapo bila shaka lilimpa alichokuwa anawapa wengine. Akaondoka akishuka njia ya bondeni, koti likipepea, mkono mmoja kwenye gunia na mmoja mgongoni, unakuna mahali usipofika.

"Anaelekea barabara ya Nkwenda," akasema Vero. "Huko hawajamjua."

Bibi Placidia akatoa simu yake ndogo kwenye pindo la kitenge, akaishika mbali na macho, akampigia kaka yake. Huwa anapiga kelele kwenye simu kama vile yeye ndiye mnara.

"Kaka! Akija huko mtu wa koti jeupe na gunia, mpokee vizuri! Mkaribishe! Ndiyo! Mwandalie kiberiti!"

Kishungi alikuwa amekwisha kuwatoa vifaranga wake jikoni. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye rundo la majivu nyuma ya mafiga, akajilaza, akaanza kujirushia majivu mgongoni, na wale wanane wakamwiga, wakipinduka, wakipiga chafya.